Komeo la Nje

Mume wangu ana masikio mawili, lakini la kushoto ni la urembo tu. Miaka thelathini ya kugonga mabati imelimaliza. Ukitaka akusikie inabidi umzunguke upande wa kulia, na mimi nikiwa na hasira huwa sizunguki, naongeza sauti, ndiyo maana mtaa mzima unajua mambo yetu. Watu wanamwita Nyundo. Ni fundi wa bodi. Gari likigongwa likabonyea analetewa yeye, anagonga, ananyoosha, anajaza mabonyeo kwa puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, na mwenye gari akija kulichukua anatafuta pale palipoumia hapaoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Kidole chake cha pete hakipo, kilikwenda na mashine ya grenda mwaka wa pili wa ndoa yetu, kwa hiyo pete anaivaa mkono wa kulia. Huwa namtania kwamba ndoa yetu ilipewa uhamisho.

Nayasema haya kwanza ili mjue kwamba nampenda, kwa sababu mengine nitakayoyasema hayapendezi.

Karavani ililetwa nyumbani kwetu Jumatatu asubuhi, ikikokotwa na lori la kampuni ya barabara. Ilikuwa imekaa miaka miwili mvuani nyuma ya karakana yao. Chesi, fremu ya chini, ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiibonyeza kwa bisibisi inaingia. Sakafu ilikuwa imeoza, paa lina matundu, matairi yamepasuka, na nyasi zilikuwa zimeota kwenye fremu ya dirisha. Lori lilipoiachia ikakaa upande mmoja, nikamwambia Nyundo kwamba hiyo si ya kutengeneza, ni ya kuzika. Akacheka. Akaizunguka akiipapasa kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema wiki sita.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia wiki sita akaingia ndani.

Maana mapatano yalikuwa hayo. Siku karavani itakayokuwa tayari, ndiyo siku wifi atakayorudi kwa mumewe.

Wifi ni mdogo wake Nyundo, na ndiye ndugu pekee aliye naye. Mumewe ni msimamizi wa ujenzi wa barabara, na watu wote wanamwita Mpole, kwa kuwa hajawahi kusikika akipaza sauti. Anaongea taratibu, anakusikiliza mpaka mwisho, anashika mkono wako kwa mikono yake miwili. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini nani anaikumbuka methali wakati shemeji amekuja na zawadi? Miaka tisa waliishi ndani ya karavani ile, kambi hadi kambi, popote barabara ilipochimbwa, mbali na watu. Barabara ikimalizika, Mpole anairudisha mjini, anamletea Nyundo gereji ainyooshe na kuipaka rangi, kisha wanaondoka tena. Ililetwa mara tatu. Kisha kampuni ikawapa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na majirani. Na kuta zina masikio. Jirani mmoja, mke wa dereva, ndiye aliyemleta wifi kwetu, taya limevunjika mahali pawili.

Wiki sita taya lile lilifungwa waya. Nilimnywesha uji kwa mrija. Mpole alikuja baada ya mwezi akiwa na baba mdogo wa Nyundo na wifi, akalia mbele yetu, machozi ya kweli kabisa, akasema ni hasira ya siku moja, ni mizigo ya kazi, haitatokea tena. Alikuwa amepata kazi mpya, barabara ya mbali kuliko zote, na karavani itahitajika. Nyundo aikarabati, akasema, waanze upya kwenye nyumba safi. Baba mdogo akaona maneno hayo yana busara. Nikauliza kama mwenye taya ameulizwa. Baba mdogo akanikumbusha kwamba kikao kile kilikuwa cha wenye damu yao, na mimi ni mke tu wa mtu. Wifi akatikisa kichwa kukubali, na mdomo uliofungwa waya utakataa vipi?

Lakini aliyenikera kuliko wote ni mume wangu. Alifurahi. Alikuwa na imani moja tu maishani, kwamba kila kilichopinda kinanyooka. Aliona akiitengeneza nyumba ile ikapendeza, na ndoa iliyomo itapendeza.

Imani hiyo ina chanzo. Baba yao alikuwa mtu wa kupiga. Sisemi alikuwa mkali, wakali wengi hawapigi. Alimpiga mama yao kwa mkanda, kwa mguu wa stuli, na siku moja kwa mlango wenyewe, akaufunga mkono wa yule mama ukiwa katikati. Nyundo alikuwa na miaka kumi na miwili, wifi sita. Baba akianza, Nyundo anamshika mdogo wake mkono wanakwenda nyuma ya nyumba, anaipindua ndoo ya bati na kuigonga kwa kijiti, kwa nguvu zake zote, mpaka ndani kutulie. Alimwambia mdogo wake kwamba wanacheza ngoma. Mtoto akacheza, na huku ndani mama yake anang'olewa meno. Alipofika kumi na sita akaenda kujifunza ufundi kwa mtu aliyekuwa akimchapa kwa waya wa umeme kila alipokosea, na akanisimulia kwamba hakuhisi tofauti kubwa na nyumbani, isipokuwa pale kulikuwa na kelele za kutosha. Mwaka tuliooana aliniapia kwamba mkono wake utapiga bati tu. Kwa miaka ishirini aliitimiza ahadi hiyo. Hakuwahi kuninyooshea kidole hata kimoja kati ya vile tisa alivyobaki navyo, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimpa sababu nyingi.

Basi akaanza kazi. Aliomba ruhusa gereji, akawa anashinda nyumbani. Wiki ya kwanza aliinyanyua karavani kwa jeki nne, akaikata chesi yote iliyooza na kuchomelea vyuma vipya. Cheche ziliruka mpaka kwenye kamba yangu ya nguo, zikatoboa shuka mbili. Wiki ya pili aling'oa sakafu, akakuta viota vya panya na fupa ambalo hatukujua la nini. Akaweka mbao mpya. Akaziba paa. Ndani kuta hazikuwa na ubao wowote, ni bati tupu. Mpole aliung'oa ubao mwaka wa kwanza akasema umeoza.

Wifi alikuwa akikaa juu ya stuli kivulini, akimtazama kaka yake akifanya kazi. Waya ulikuwa umeshatolewa, lakini alikuwa ameyazoea maisha bila maneno. Nyundo akimaliza kitu anamwita aone: taa imewaka, dirisha linafunga vizuri, bomba halivuji. Alikuwa na furaha ya mtu anayemjengea dada yake nyumba. Wifi alikuwa akisema, "Nimeona, kaka." Na mimi niliyekuwa namtazama yeye, siyo karavani, niliona kwamba kila kitu kilichopona pale kilimpunguza. Nyama zilimtoka mabegani. Siku sakafu ilipokamilika hakula kutwa nzima.

Nilimwambia Nyundo usiku na mchana, sikio la kulia na la kushoto. Alinijibu kwamba mtu aliyelia hadharani hawezi kurudia.

Kisha ikaja siku ya komeo. Mlango wa karavani ulikuwa na komeo la chuma upande wa nje, limeshikwa na kutu haliendi mbele wala nyuma. Nyundo akaling'oa, akanunua jipya, kubwa, la kufungia ghala. Akalifunga kwa boliti nne pale pale la zamani lilipokuwa. Hakujiuliza kwa nini nyumba ya kulala watu iwe na komeo la nje na isiwe na la ndani. Fundi huweka kipya mahali alipotoa cha zamani. Akalipaka grisi, akalisukuma kulijaribu, nalo likaingia: klak.

Kikombe kikamtoka wifi mkononi. Akateremka kwenye stuli, akachutama, akaanza kuokota vigae vya kikombe kimoja kimoja, na mkojo ulikuwa unamchuruzika mguuni. Nyundo hakuona. Alikuwa ametupa mgongo, akilisukuma na kulivuta, klak, klak, akilisifia.

Nilimwosha wifi bafuni. Nilimuuliza, akanigeuzia mgongo. Nikatoka na hasira zangu mpaka kwa Nyundo nikamwambia alitoe komeo lile. Akaniuliza, sasa wakienda sokoni watafunga mlango na kitu gani? Hata mimi sikuwa nimeelewa bado, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya nne alifika ubavu wa kushoto. Upande ule ndio uliokuwa na rangi nene kuliko pande zote. Aliuwekea grenda yenye msasa, rangi ikatoka kama vumbi la chokaa, na chini ya rangi puti ikaanza kudondoka, mapande kwa mapande, makubwa kama sahani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na puti ni hivyo hivyo, maji huingia nyuma yake na kutu ikala raha mustarehe bila kuonekana. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia grenda ikizimwa, nikasubiri iwashwe tena. Haikuwashwa.

Nilipogeuka alikuwa ameweka kiganja juu ya bati, hakisogei.

Miaka ishirini ya kuishi na fundi wa bodi imenifundisha mambo mawili matatu. Bati likigongwa kutoka nje, huingia ndani. Likiwa limetokeza nje, limegongwa kutoka ndani. Na bati likishavutika hata ulirudishe kwa nyundo halilali tena sawasawa, mkono utalijua tu. Ubavu ule ulikuwa umetokeza nje mahali saba. Mtu alikuwa ameugonga kuurudisha, kisha akafunika kwa puti. Na kabla ya kufunika alikuwa ameukwaruza kwa ncha ya bisibisi, mistari ya kupishana, ili puti ishike. Kila fundi ana mkwaruzo wake. Ule ulikuwa wa mume wangu, naujua kama ninavyoujua mwandiko wake.

Niliingia ndani ya karavani. Ndani uvimbe ule ulikuwa shimo. Niligeuka, nikaegemea ukuta, na kisogo changu kikaingia kwenye shimo la juu kikakaa, kimeenea. Mimi na wifi tunalingana urefu. Nikashuka kidogo, bega likapata lake. Kiuno kikapata lake. Nilitoka mle nikamwendea Nyundo.

Nilimuuliza kama aliletewa kazi hii mara tatu. Akasema ndiyo, mara ya kwanza mabonyeo mawili, ya pili mawili, ya tatu matatu. Nikamuuliza aliambiwa ni nini. Akasema Mpole alimwambia masanduku ya vifaa yaliruka njiani, barabara mbovu.

"Na wewe fundi ukaamini?" nikasema. "Sanduku gani linaruka kufikia kichwa changu?"

Na sasa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu nilisemee. Alikwenda kwenye kibanda cha vifaa, akachukua kopo la puti, akaweka dawa ya kugandisha, akaanza kuchanganya. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Alikuwa anataka kufunika tena.

Nililipiga kopo teke. Puti ikamrukia suruali nzima. Nikamwambia kwamba yeye na baba yake ni mtu mmoja, ila baba yake alipiga bila nyundo. Nilikuwa nimesimama mgongo ukigusa karavani, na nilisema kwa sauti yote niliyonayo, ndani ya sikio lake zima.

Sikuuona mkono wake ukinyanyuka. Nyundo ilipita kando ya shavu langu, nikausikia upepo wake, ikaingia kwenye bati nusu shibiri kutoka sikioni. Kichwa kizima kililia. Nilipofumbua macho uso wake ulikuwa mbele ya wangu, na haukuwa uso wake. Nilikuwa nimeuona mara moja tu, kwenye picha ya marehemu baba mkwe.

Hatukumsikia wifi akija. Alikuwa amesimama nyuma yetu, stuli mkononi. Alisema taratibu, taya linalia kila neno.

"Kaka. Kila ulipomaliza kupuliza rangi, alinitoa nje akanizungusha. Akaniambia, tazama, kaka yako ameona, na amefunika. Kwa hiyo mimi nikaacha kusema."

Nyundo akaiachia nyundo ikaanguka.

"Alikuwa ananifungia ndani kwa lile komeo akienda kazini," wifi akasema. "Akirudi analifungua. Huo wa juu ni wa mwaka wa kwanza. Huo wa kiunoni ndio ulioitoa mimba ya pili. Haya yote unayajua kwa mkono wako, kaka, uliyagonga mwenyewe."

Akaweka stuli yake kivulini akakaa, kama kila siku. Mume wangu alikaa chini pale pale aliposimama, juu ya puti iliyomwagika. Puti ikishawekewa dawa haikusubiri. Alipotaka kusimama suruali ilikuwa imeganda imekuwa jiwe, nikalazimika kuikata kwa mkasi tangu kiunoni. Alikuwa analia bila sauti nikiikata, na sikumhurumia hata kidogo siku ile.

Usiku nilimwambia kwamba mkono ule ukinyanyuka tena nitamwacha na nyumba na karavani. Akasema anajua.

Kwa siku tisa alifanya kazi alfajiri mpaka jioni. Alipaka rangi nyeupe upande wa kulia, mbele na nyuma, rangi safi ya kujitazamia. Ubavu wa kushoto aliuacha bati tupu, na kila pale palipotokeza akapazungushia chaki. Duara saba. Bonyeo lake mwenyewe, lile la kando ya kichwa changu, alilizungushia la nane. Nilidhani anataka kumwaibisha shemeji. Nilijiambia, afadhali, aibu nayo ni dawa. Sikumjua mume wangu vizuri kiasi hicho.

Mpole alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, na lori na dereva wake. Shati limepigwa pasi. Alikuwa amembebea wifi birika jipya, limefungwa utepe. Alitusalimia wote, akaniulizia afya ya binti zetu walioko bweni kwa majina yao. Akaisifu kazi, akapitisha kiganja kwenye rangi. Alipofika ubavu wa kushoto akasimama. Alitazama duara zile moja moja, na ninaapa kwamba hakubadilika uso.

"Shemeji," akasema kwa ile sauti yake ya maziwa, "hapa naona puti ilikuishia."

"Ingia ndani nikuonyeshe," Nyundo akasema.

Mpole akakabidhi birika kwa dereva, akafuta viatu kwenye ngazi, akaingia. Nyundo akasukuma mlango. Akasukuma komeo. Klak.

Kisha akaokota nyundo kubwa, ile ya mikono miwili ya kuvunjia zege, akaanza na upande wa kulia.

Pigo la kwanza lilizamisha bati kina cha ndoo. La pili lilipasua dirisha lililochukua siku mbili kupachikwa. Alipiga akizunguka, hatua moja, pigo moja, na kila pigo rangi ile nyeupe ilipasuka ikaruka. Mwanzoni tulimsikia Mpole mle ndani akisema shemeji, shemeji, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Nyundo akapiga kona na karavani ikaruka juu ya jeki. Ndipo Mpole akapiga kelele. Sauti aliyoificha miaka yote ilitoka siku moja, nyembamba, inakatika, akiita mama yake. Alikuwa akikimbia huku na huku mle ndani, tunamsikia miguu, na popote alipokimbilia ukuta ulimjia.

Dereva alishuka kwenye lori. Nilishika bomba la chuma nikamsimamia mbele. Akasema yeye ni dereva tu, akarudi kwenye kiti chake akafunga na kioo, birika mapajani. Na mimi sitawadanganya, nilifurahi. Kila pigo lilinishuka moyoni kama maji baridi. Nilikuwa nasema, ongeza, na sijui kama nilikuwa nasema kwa sauti.

Karavani ilipokuwa imebondeka pande zote isipokuwa ule wa kushoto, kelele za ndani zikakatika. Nyundo akaitupa nyundo kubwa, akachomoa ndogo ya mkandani, akavuta komeo.

Mpole alikuwa anamsubiri. Alikuwa ameokota mle ndani mkono wa jeki, chuma cha urefu wa dhiraa. Alitoka upande wa kushoto, upande wa sikio lililokufa, akampiga Nyundo hapo hapo juu ya sikio. Damu ilinirukia mimi. Nyundo akapiga magoti. Mpole akampiga tena begani, na tena mgongoni, kimya kimya, kwa utulivu, na nikaona jinsi alivyokuwa akifanya kazi ile, mtu mwenye mazoea. Nyundo akamdaka kifundo cha mguu akakivuta. Wakaanguka wote. Wakabingirika juu ya vioo na mapande ya puti, wakang'atana, na walipoacha kubingirika mume wangu ndiye aliyekuwa juu, goti kifuani pa shemeji. Nyundo ikashuka mara moja. Nikausikia mtulinga, ule mfupa wa begani, ukivunjika, sauti kavu ya kijiti.

Ikanyanyuka tena. Safari hii ilikuwa inaelekea kichwani.

Ningeweza kumshika. Nilikuwa hatua tatu tu. Sikusogea, kwa sababu nilitaka ishuke.

Ndipo tukasikia ndoo.

Wifi alikuwa amekwenda nyuma ya karavani, kwenye ndoo ya bati ya kuoshea brashi. Alikuwa ameimwaga na kuipindua, amepiga magoti mbele yake, anaigonga kwa kijiti cha kukorogea rangi. Macho ameyafumba. Hakukuwa na ngoma wala mdundo, ni kugonga tu, haraka haraka, kwa nguvu zake zote, na kichwa amekiinamisha asione, asisikie. Mwanamke wa miaka arobaini.

Nyundo alisikia kwa sikio lake moja. Mkono wake ulibaki juu. Alimgeukia mdogo wake, akamtazama, damu ikimwingia machoni, na nikaona ule uso wa picha unamtoka kidogo kidogo. Akaiweka nyundo chini, akaisukuma mbali. Akamwondokea yule mtu kifuani. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye ndoo akaweka kiganja juu yake, na wifi akakigonga kiganja kile mara mbili tatu kabla hajajua kwamba kelele zimekwisha.

Dereva ndiye aliyembeba Mpole mpaka hospitali. Birika aliliacha juu ya ukuta wetu.

Askari walikuja kabla ya saa nane. Kituoni Nyundo alieleza kwanza kipigo, hakupunguza kitu. Kisha akataka waandike na mengine, kwamba mara tatu aliletewa ushahidi akaufunika kwa mkono wake, akataja na miaka. Askari akamwambia hakuna kosa la puti. Nyundo akang'ang'ania liandikwe, mpaka wakaliandika ili awaache. Siku ya pili wifi alikwenda mwenyewe na taya lake linalolia akafungua kesi, na askari wawili wakaja na kamera kupiga picha ubavu wa kushoto. Mmoja wao aliingia ndani, akaegemeza kisogo chake kwenye shimo la juu.

Nyundo alikaa ndani miezi mitano. Mpole mtulinga uliunga, na kesi yake bado inapigwa tarehe. Nasikia anahudhuria akiwa na shati lililopigwa pasi, na anamjibu hakimu kwa upole.

Mume wangu alipotoka alikuta karavani pale pale, kutu imeanza tena kwenye majeraha yake. Nilitaka iuzwe chuma chakavu. Wifi akakataa. Akasema amekaa miaka tisa ndani yake bila kuwa na sauti, sasa anaitaka iwe yake. Nyundo akaigonga upya, pande zote alizozibomoa, wiki saba, begani akiwa bado ana maumivu. Ubavu wa kushoto wifi alimkataza kutia puti. Ulipakwa rangi ya kuzuia kutu tu, ile nyekundu, na uvimbe wote saba unaonekana, na wa nane ulioingia ndani. Choo chetu kiko upande ule. Kila asubuhi namwona Nyundo akizunguka kwa mbali, njia ndefu, ili asiupite. Sijawahi kumtania kwa hilo.

Kitu cha mwisho kilikuwa komeo. Alifungua boliti nne, akaziba matundu kwa kuchomelea, akaingia ndani na kulifunga upande wa ndani, pale mkono wa wifi unapofika akiwa amekaa kitandani. Akatoka. Wifi akaingia, akavuta mlango.

Nyundo alisimama nje, amegeuza sikio la kulia mlangoni, mpaka aliposikia komeo likiingia. Kisha akaokota ndoo akaenda kuosha brashi.